Aliyekuja Kuota Jua

Haya yalimpata shangazi yangu, tumbo moja na baba. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi jikoni kwake, na alipomaliza akaniomba nisimuulize tena. Sijamuuliza.

Shangazi ni fundi wa umeme wa jua. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na mitatu, amepanda mapaa ya mabati mpaka magoti yakagoma, na mikono yake imejaa makovu madogo ya tindikali ya betri ambayo yeye huyaita vyeti vyake. Ni mtu wa mizaha. Lakini akishashika testa yake ya kupimia umeme, usimletee utani.

Mwaka ule baba mdogo, kitindamimba wao, alipata kazi ya kupima shamba kubwa lililokuwa mbali na barabara. Yeye ni mpima ardhi. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tano, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba wala kibanda huko, ilibidi apige kambi. Shida ni kwamba baba mdogo ana kisukari. Anaishi kwa sindano mbili za insulini kila siku, asubuhi na jioni, na insulini haitaki joto. Huko alikokuwa anakwenda, jua lilikuwa la kupasua mawe.

"Utakwenda na friji," shangazi akamwambia. "Na friji itakwenda na mimi."

"Dada, nina miaka thelathini na minane."

"Na mimi nilikuogesha ukiwa na miwili. Pakia mizigo."

Basi wakaondoka na pikapu ya shangazi. Nyuma walipakia hema, magodoro, vigingi mia mbili vya mbao vya kuwekea mipaka, gunia la mkaa, kifriji kidogo cha kubeba mkononi, paneli tatu za sola, na betri mbili zile nzito za sola, zinazojazwa maji na tindikali, ambazo mtu mmoja akiinua peke yake lazima agune. Hizo hazifanani na betri ya gari. Ya gari hutoa nguvu nyingi kwa mara moja halafu inapumzika; hizi hutoa polepole, usiku kucha, na mchana zinataka kushibishwa taratibu.

Walifika Jumatano saa nne asubuhi. Tambarare tupu, majani makavu, vichaka vya miiba. Mti wa maana haukuwepo. Katikati ya uwanda ule walikuta sakafu ya saruji, pana kama uwanja wa shule, bila ukuta hata mmoja. Jengo lilikuwa limebomolewa zamani na kubaki sakafu yake.

"Mungu atupe nini tena," shangazi akasema. Palikuwa tambarare, hapana vumbi, hapana kivuli. Akazipanga paneli zake tatu kwa mstari juu ya saruji, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa hatua kumi kutoka kwa mwenzake, ili zisizibane na aweze kupita kuzifuta. Ya mwisho ilikuwa karibu na hema. Akafunga waya, akaweka betri kivulini chini ya meza, akaangalia kipimo chake cha mshale. Paneli zote tatu zikifanya kazi, jua la utosini, mshale ulikuwa ukisimama kwenye kumi na sita.

Ukasimama kwenye kumi na sita. Friji ikanguruma. Baba mdogo akachukua vyombo vyake vya kupimia akaenda zake porini, akipiga mluzi.

Siku ya kwanza ilipita hivyo. Usiku ulikuwa mtulivu kuliko usiku wa mjini, na wote wawili walilala kama magogo. Shangazi alitaka nilishike hilo: usiku hapakuwa na lolote. Hata usiku mmoja.

Ilianza Alhamisi, saa sita mchana.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, anachambua mchele, jicho moja kwenye mshale. Mshale ukashuka. Kutoka kumi na sita ukaja kumi na moja, taratibu, kama mtu anayeketi kwa uangalifu. Akatazama juu. Wingu hapana. Akahesabu kichwani: tano zimepotea, maana yake paneli moja imezimika. Labda waya umelegea.

Akazipima moja moja. Ya pili nzima. Ya tatu nzima. Ile ya mbali kabisa ndiyo iliyokuwa haitoi kitu, kama imefunikwa kwa blanketi. Akaichomoa, akakagua waya, akachomeka tena. Bure. Akatoa kitambaa kukifuta kioo.

Mkono wake ukasita.

Paneli iliyolala juani tangu asubuhi huunguza kiganja. Kila fundi anajua. Kioo kile kilikuwa baridi. Si baridi ya kivuli. Baridi ya nyama iliyotoka kwenye friji ya bucha.

Akakifuta hivyohivyo, akarudi kwenye mchele wake. Saa tisa kioo kikaanza kupata moto, mshale ukarudi juu, na shangazi akajiambia ni kiwanda kilichotengeneza paneli mbovu. Hakumwambia mdogo wake. Amwambie nini?

Ijumaa saa sita mchana mshale ukashuka tena. Akaikimbilia ile paneli ya mbali. Ilikuwa ya moto, inafanya kazi vizuri.

Iliyozimika ilikuwa ya katikati.

Alipiga magoti kando yake. Paneli ile ilikuwa imeshika vumbi la usiku, vumbi jembamba kama unga, na juu ya vumbi palikuwa na alama. Sehemu pana juu. Sehemu mbili nyembamba chini. Mabega na mgongo. Miguu iliyokunjwa kidogo, kama ya mtu aliyelala chali kwenye kitanda kifupi. Na vumbi la pembeni mwa alama ile lilikuwa likisogea. Punje kwa punje. Kama kuna mtu anayejigeuza.

Hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye kiti chake, akaketi, akawa anautazama mshale tu. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.

Alasiri ile alikuja mlinzi wa shamba, mtu mfupi mwenye baiskeli, aliyetumwa na mwenye ardhi kuwaangalia wageni. Alisimama kwenye majani. Shangazi akamkaribisha chai. Akakataa. Akamkaribisha kivulini. Akakataa tena, na shangazi akaona kuwa gurudumu la baiskeli yake lilikuwa limeishia shubiri moja kabla ya saruji.

"Mbona hupandi?" akamuuliza.

"Hapa nipo tu, mama."

"Hii sakafu ilikuwa ya nini?"

Mlinzi akatazama paneli. Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kusikia. "Ilikuwa bucha kubwa, kiwanda cha nyama. Mlipoweka hema ndipo palipokuwa chumba cha baridi. Mwaka fulani, siku za sikukuu, walifunga mlango wakaenda makwao. Mpakizi mmoja alikuwa ndani. Mlango ule haukuwa na kitasa upande wa ndani." Akaushika usukani wa baiskeli. "Walirudi siku ya nne."

Shangazi akageuka kulitazama hema. "Watu wanamwona?"

"Hapana. Haonekani. Wachungaji walikuwa wanapumzisha mbuzi hapa mchana. Mbuzi mmoja mmoja akawa anakutwa amekauka kwa baridi, na jua linawaka." Akaigeuza baiskeli. "Huwa anaota jua tu, mama. Mkimwachia jua lake hana neno. Ila hivyo vioo vyenu vinalikusanya lote, naye ana baridi ya miaka mingi. Hamieni kwingine."

"Kesho asubuhi," shangazi akasema.

"Leo," mlinzi akasema, akaondoka bila kuaga.

Lakini baba mdogo alirudi jioni miguu imejaa malengelenge, sukari imeshuka, anatetemeka kwa njaa. Shangazi akamlisha, akasubiri sukari ipande, akamchoma sindano yake ya jioni, akamweleza kwa mkato kuwa wanahama kesho. Baba mdogo akacheka kidogo. "Fundi mzima unaogopa paneli?" Kisha akalala akiwa bado ana tabasamu. Kubomoa kambi gizani na mgonjwa mkononi, shangazi hakuona njia. Akasubiri kukuche.

Jumamosi friji ilinguruma hadi jua lilipochomoza, kisha ikanyamaza. Betri zote mbili zilikuwa zimeisha kabisa. Hazikupungua tu kama kawaida ya asubuhi. Ziliisha, kama mtu amezinyonya. Shangazi akakimbilia friji akijua atakuta insulini imepata uvuguvugu. Akafungua kifuniko.

Vichupa vyote vinne vilikuwa vimeganda. Vigumu kama kokoto, na ukungu mweupe juu ya kioo.

Insulini ikiganda imekufa. Ukiiyeyusha haifai tena. Na ile ndiyo waliyokuwa nayo yote.

"Inuka," akamwambia mdogo wake. "Tunaondoka sasa hivi. Acha kila kitu."

Akaingia kwenye pikapu, akageuza ufunguo. Hata kwikwi haikutoa. Akafungua boneti, chuma chake kilimng'ata vidole kwa baridi. Betri ya gari nayo imekwisha. Simu haikuwa na mtandao tangu Jumatano. Zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, na kwa miguu hata asingethubutu kufikiria.

Kilichobaki ni jua. Azishibishe betri zake mbili kwa saa moja au mbili, kisha aziunganishe na gari, zipige injini mara moja tu. Mara moja ingetosha.

Kufikia saa tano mshale ulikuwa kumi na moja. Akajua bila kupima: safari hii ni paneli ya tatu. Ile ya mlangoni mwa hema. Baba mdogo alikuwa amelala ndani, midomo imemkauka, anapumua kwa haraka. Shangazi akakaa kati ya hema na paneli, rungu la kugongea vigingi mkononi, japo hakujua angempiga nani.

Saa sita kamili mshale ukapanda.

Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na sita.

Alipaswa kufurahi. Akaigusa paneli ya tatu. Ilikuwa ya moto. Akazigusa zote. Zote za moto. Hapakuwa na mtu juu ya paneli hata moja.

Ndani ya hema baba mdogo akanong'ona, "Dada."

"Nipo."

"Mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu. Amenilalia."

Shangazi akafunua mlango wa hema. Ndani kulikuwa na joto la tanuru. Katikati ya joto lile mdogo wake alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, kucha zimegeuka rangi ya majivu. Godoro kando yake lilikuwa limebonyea. Akampapasa kifua. Baridi. Shingo. Baridi. Akamkumbatia, akamvuta nje juani, na baridi ikaja naye, imemng'ang'ania, nzito, kama mtu aliyebebwa mgongoni.

Hapo, aliniambia, woga ulimwisha. Si kwamba alipata ujasiri. Nafasi ya woga haikuwepo tena. Alimwona mdogo wake akiwa na miaka miwili ndani ya karai, anatetemeka vilevile, anataka taulo. Akaelewa kitu kimoja: huyu aliyeng'ang'ania hapigani. Anatafuta joto.

Akakimbia hadi upande wa pili wa sakafu, mbali kabisa, akamwaga gunia zima la mkaa. Akapakia vigingi juu yake. Akamimina mafuta ya taa, akawasha. Jua la saa sita, na moto juu yake. Hewa ikacheza. Akasimama kando ya moto ule, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aje mezani:

"Njoo huku, kaka yangu. Njoo uote moto. Yule ni mgonjwa, hana joto la kukutosha. Njoo."

Hakuna kilichojibu. Akarudia.

"Najua walikuacha. Njoo."

Moto ukainama. Hapakuwa na upepo, lakini ndimi zote zililala upande mmoja, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kule mbali baba mdogo akavuta pumzi ndefu, akaacha kutetemeka.

Mshale ulikuwa kumi na sita.

Kuanzia hapo shangazi hakusimama. Alikimbia kutoka kwenye moto hadi kwenye kipimo, kutoka kwenye kipimo hadi kwa mgonjwa, kisha kwenye moto tena. Vigingi vikaungua kwa kasi isiyo ya kawaida. Alisimama hatua moja kutoka kwenye makaa mekundu na hakuhisi joto. Lote lilikuwa linakwenda kwingine. Akachoma viti. Akachoma meza. Akachoma sanduku la vyombo vya kupimia, la mbao ngumu, ambalo baba mdogo alilipenda kuliko viatu vyake. Saa saba unusu vigingi vilikuwa vimekwisha, na akawa anang'oa miiba kwa mikono mitupu.

Saa nane hapakuwa na cha kuchoma.

Akamburuta mdogo wake hadi garini. Akazibeba betri, moja moja, bila hata kuguna, akaziweka mbele ya pikapu na kuacha waya za paneli zikiwa zimefungwa. Akaunganisha waya nene na gari. Kidole kwenye ufunguo. Jicho kwenye mshale.

Nyuma, moto ukawa majivu.

Mshale ukashuka: kumi na moja. Ukapanda: kumi na sita. Akajua. Amepita juu ya paneli ya mbali.

Akageuza ufunguo. Injini ikaguna, ikafa.

Kumi na moja. Kumi na sita. Paneli ya katikati.

"Twende, mama, twende," akaliambia gari. Akageuza. Ikaguna. Ikaguna zaidi. Ikafa.

Kumi na moja.

Mshale haukupanda. Alikuwa amesimama kwenye paneli ya tatu, hatua chache kutoka mlango wa gari. Baba mdogo, macho yamefumbwa, akajikunyata kuelekea upande wa pili wa kiti, kama mtu anayempisha abiria.

Mshale ukapanda kumi na sita.

Shangazi akageuza ufunguo kwa mara ya tatu, na injini ikaitika. Aliruka nje, akang'oa waya zote, akazitupa betri nyuma, hakujua alizitupaje, akaondoka na mlango ukiwa wazi. Paneli aliziacha. Hema aliliacha. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunga ukungu kwa ndani, ilibidi aufute kwa mkono ili aone njia, na ukungu ule haukuondoka mpaka saruji ilipotokomea nyuma yao.

Zahanati walimpima baba mdogo joto la mwili. Muuguzi akakitikisa kipimo, akaenda kuleta kingine. Thelathini na tatu. Akauliza kama mgonjwa alikuwa ametumbukia kwenye maji. Shangazi akasema ndiyo, kwa sababu lilikuwa jibu rahisi. Mgonjwa alikaa kitandani siku sita, akapona. Kazi ile ya kupima hakuirudia, na leo hii ukimkuta mchana wa jua kali amevaa sweta, usimtanie. Hatacheka.

Wiki tatu baadaye shangazi alizipeleka zile betri kwa fundi mwenzake wanayemwita Baharia, kwa vile zamani alikuwa fundi umeme wa meli. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imevimba tumbo na kupasuka ubavu. Alitaka kujua kama itatengenezeka. Baharia akaigeuza, akapapasa ule ufa, akamtazama.

"Umeitoa nchi gani hii?"

"Hapahapa. Kwani vipi?"

"Usinifanye mtoto. Hii imepasuliwa na barafu. Betri ikiisha chaji kwenye baridi kali, maji yake huganda, yanatanuka, yanavunja gamba. Nimeiona mara mbili maishani, zote kule kaskazini ambako hata pumzi inaganda kwenye masharubu. Hapa kwetu haiwezekani."

Baharia akachukua msumeno, akakata gamba kwa juu, akaipindua betri mlangoni mwa karakana ili vile vibamba vya risasi vya ndani vidondoke. Vikadondoka. Nyuma yao kikateleza kitu kingine, kikagonga sakafu kwa mlio wa kioo.

Kipande cha barafu, ukubwa wa ngumi, kimeangukia mahali penye jua.

Wakavuta vigoda wakaketi, wakisubiri kiyeyuke. Saa tano ikapita. Saa sita. Saa nane Baharia akainuka, akafunga karakana mapema, akamwomba shangazi aende nacho.

Kilikuwa bado kikavu.